Swali Jepesi la Kumi na Nne

Saa tatu na dakika kumi asubuhi kompyuta ilinipa swali la kwanza, katika chumba cha mtihani Braamfontein. Mtaa wa pili kutoka hapo nilikuwa nimelinda jengo la ofisi kwa miaka kumi na moja. Mwajiri aliahidi kunilipia masomo ya jioni ya uhasibu iwapo ningefaulu mtihani wa kujiunga muhula ule. Muhula ule tu.

Hesabu nilijifundisha mwenyewe, na pia namna mtihani huo unavyofanya kazi. Hauwapi watu wote maswali yale yale. Huanza na swali la wastani; ukipata, linalofuata huwa gumu zaidi, ukikosa huwa jepesi. Kila jibu huisaidia mashine kukisia kiwango chako kwa karibu zaidi. Kurudi nyuma huruhusiwi. Hata anayejua sana hukosa mengi, kwa sababu mashine inatafuta mahali anapokwama. Kwa hiyo ugumu ulinifurahisha. Kufikia swali la kumi na tatu jasho lilikuwa linanitoka, na nilijua napanda.

La kumi na nne liliuliza asilimia kumi ya mia tano ni ngapi.

Nilijibu hamsini, na moyo ukavunjika: basi mashine imenishusha. Tangu hapo kila swali nililipima kwanza: hili ni gumu kuliko lililopita? Nimeshuka tena? Muda ukapotelea huko. Sita ya mwisho nilibonyeza bila kusoma.

Nilipungukiwa alama mbili.

Dada wa mapokezi aliniona nimeduwaa, akauliza kulikoni. Nikamweleza lile swali.

"Ah, baba, hilo huenda lilikuwa la majaribio, wanalipima kwa mitihani ijayo. Wanayachomeka katikati, hayahesabiwi. Mbona imeandikwa kwenye mwongozo?"

Imeandikwa kweli. Ukurasa ule niliuruka kwa kuwa haukuwa na hesabu.

Jirani yangu wa Bellevue, fundi cherehani Mkongo, alicheka nilipomsimulia, mpaka akaweka mkasi chini. "Eish, kaka! Weye ulikuwa unafanya mtihani, ao ulikuwa unauchunga?"



Mwajiri hakungoja muhula mwingine. Masomo yale alimlipia mtu wa stoo. Ada ya mtihani hairudishwi: randi elfu tatu na mia tisa. Kwa siku niliyochukua ruhusa ya mtihani nilikatwa randi mia tatu na ishirini. Jumla, randi elfu nne mia mbili na ishirini.