Wawira Alipotukumbuka

Najua nitachekwa nikisema enzi zetu. Nina miaka ishirini na sita, cheti changu cha chuo kikuu kimelala ndani ya bahasha ya kaki, na mtu wa umri wangu anatarajiwa kuzungumza kuhusu mipango, si kumbukumbu. Lakini sisi wa nane-nne-nne tumezeeka kabla ya wakati. Mfumo uliotusomesha umeshazikwa, na wadogo zetu wakitusikia tukitaja darasa la nane wanatutazama kana kwamba tulipigana vita vya ukoloni. Kwa hiyo acha niseme: enzi zetu, huku Gachoka, mtoto alifundishwa kuigiza akiwa na fimbo mkononi, mbele ya rundo la ndengu.

Inabidi nieleze, maana siku hizi usipoeleza, mtu mwingine ataeleza kwa niaba yako.

Mama yangu, Mwalimu Igoki, alifundisha shule ya msingi na kusimamia drama. Ndengu za mvua za vuli hukauka Januari ikiisha, na mashindano ya drama huanza muda mfupi baadaye. Mambo hayo mawili yaligongana kila mwaka, na mama akaamua kuyaoanisha. Jumamosi alitandaza turubai uani, akamwaga ndengu zikiwa bado kwenye maganda, kisha akatupanga mistari miwili inayotazamana. Mstari wa kushoto ulipiga fimbo na kusema nusu ya ubeti. Mstari wa kulia ukapiga na kujibu. Ukisahau maneno, fimbo yako ilichelewa na uwanja mzima ukasikia aibu yako. Vumbi liliingia puani, makapi yakawasha shingo, na maganda yakapasuka kwa sauti kama ya mvua inayoanza kwenye mabati. Mama alizunguka nyuma yetu na mwiko wa ugali, akipigapiga kiganja chake kushika mdundo.

"Tena," alisema. "Ndengu hazijasikia."

Tulirudia mpaka ndengu zikasikia. Jioni upepo ulipoanza tulipepeta, halafu tukanywa uji wa mtama uliochachuka vizuri, tukapewa na githeri ya mahindi na maharagwe. Hakuna aliyetushurutisha kuja. Kuna watoto waliolia kwa sababu hawakuchaguliwa.

Wawira alichaguliwa. Alikuwa rika langu, binti wa mwenye lori la mchanga, na alikuja kupiga ndengu akiwa na viatu vyeusi vya mshipi na soksi nyeupe zenye maua. Sisi wengine tulikuwa na miguu yetu tu. Alipokuwa na miaka tisa, mama alimpa nafasi ya cucu, bibi kizee anayegombana na wanawe kuhusu shamba, na lazima nikiri, japo inanikera, kwamba aliweza. Aliinama, akakohoa, akatukana kwa adabu kama bibi yeyote wa Mbeere. Tulipofika mashindano ya Embu mjini, mama mmoja wa televisheni alimwona. Mwaka uliofuata Wawira alikuwa Nairobi, ndani ya mchezo wa runinga, akiigiza yatima.

Tulimtazama kwenye hoteli iliyo karibu na steji, ambapo mandazi moja ilikupa kiti na runinga. Alilia kila wiki. Alilia vizuri, machozi yakishuka upande mmoja tu wa uso.

"Huyu mtoto analia kama amelipwa," mwenye hoteli alisema siku moja.

"Amelipwa," baba yake Wawira alijibu, na kuagiza chai nyingine.

Kisha akakua. Uso wa kitoto uliisha, na yatima mwingine akatafutwa. Tulisikia amesomea filamu, halafu tukasikia anatengeneza filamu mwenyewe, fupi fupi, za kuonyeshwa ng'ambo. Hatukuziona, lakini tuliambiwa zinapigiwa makofi huko. Mimi nilikuwa chuoni nikiandika barua za kuomba kazi, na nilitumia muda mwingi kujiuliza kama ninamwonea wivu au kama ni kweli kwamba makofi ya mbali ni rahisi kuyapata. Sijaamua mpaka leo.

Mwaka jana alirudi kutengeneza filamu ya utoto wake. Alikuja na vijana wenye kamera, droni iliyowatia mbuzi wazimu, na maji ya chupa. Alitaka nyumba ya nyasi. Hakuna nyumba ya nyasi Gachoka. Basi wakajenga moja kando ya nyumba ya mawe ya baba yake, na kamera ikakatazwa kabisa kugeuka upande ule. Mama yake alisimama mlangoni akaitazama kwa muda.

"Hiyo ni ya kuku?" aliuliza.

"Hapana, mum. Hiyo ni yetu."

"Yetu na nani?"

Nilikuwa hapo, nikijifanya napita. Nilikuwa nimefikiria sana jinsi ya kumsalimu, kama nimwite Wawira au kama jina hilo sasa limekuwa la watu wengine. Hakuningoja. "Wewe ni mtoto wa Mwalimu," alisema, akinishika bega. "Umekuwa mkubwa hivi!" Tumezaliwa mwaka mmoja.

Mama yangu alifurahi sana kuhusu filamu hiyo, na hilo ndilo lililoniumiza baadaye. Alikuwa amestaafu. Aliyobaki nayo ni jina lake na watoto wa Jumamosi. Watoto wa Sunday school walikuja uani kwetu kila wiki kufundishwa mashairi na michezo ya Krismasi na Pasaka, na kwa ajili yao alifagia uwanja alfajiri na kupanga viti vya miguu mitatu kama mtu anayengoja wageni wa posa. Nje ya hayo hakuwa na jambo jingine la kumwamsha mapema. Aliposikia kwamba mwanafunzi wake anarudi kuonyesha filamu ya utoto wake, alipiga pasi gauni la bluu na kwenda kuketi mbele kabisa.

Ilionyeshwa alasiri katika ukumbi wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Mwanzoni tulicheka kuona kilima chetu kikiwa kikubwa hivyo. Kisha akatokea msichana pekupeku, nguo imechanika begani, akitoka kwenye nyumba ya kuku. Huyo ndiye alikuwa Wawira. Mimi niliyezijua soksi za maua nilitazama miguu yangu gizani.

Halafu zikaja ndengu. Mistari miwili ya watoto, jua kali, jasho, na violini inalia. Nyuma yao anatembea mwanamke mnene mwenye kiboko.

"Tena," anasema yule mwanamke, kwa sauti ya askari jela. "Ndengu hazijasikia."

Kiboko kikamwangukia msichana mgongoni.

Nilimtazama mama nikaona kisogo chake tu, kimenyooka. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Kumbe ndivyo ilikuwa." Mwingine akajibu, "Na tuliwapeleka wenyewe."

Hao ni watu waliokunywa uji uani kwetu. Wengine walipiga ndengu zile kwa mikono yao na wanakumbuka ubeti wote. Lakini picha ikishakuwa kubwa kama ukuta, mtu anaiamini kuliko mgongo wake mwenyewe.

Taa zilipowashwa Wawira alikuja mikono wazi.

"Mwalimu, natumaini hujakasirika. Yule si wewe. Ni mhusika tu."

"Anasema maneno yangu."

"Nimeyaazima."

"Na kiboko uliazima kwa nani?"

Wawira alicheka kidogo, kile kicheko cha kumtuliza mzee. "Mwalimu, watu wa nje hawawezi kuelewa mwiko. Lazima waone kitu wanachokijua."

"Mimi siishi na watu wa nje," mama alisema. "Naishi na hawa." Akawaonyesha kwa kidevu, nao walikuwa wanatoka haraka bila kumsalimia.

Jumamosi iliyofuata mama alifagia, akapanga viti. Mzazi mmoja alituma ujumbe kwamba mtoto ana kazi ya shule. Mwingine alipita barabarani na bintiye, akamvuta mkono hadi upande wa pili. "Mwalimu, tutakuja siku nyingine," alipaza sauti. "Leo jua ni kali." Jua la Gachoka halijawahi kuwa pole tangu nilijue. Kufikia saa sita mama alirudisha viti ndani kimoja kimoja, na Jumamosi iliyofuata hakuvitoa.

Watoto walewale nawaona sasa kwenye kibaraza cha duka, simu imeegemezwa kwenye gunia la sukari ikiwarekodi, wakichezesha midomo juu ya sauti ya mtu mwingine. Wazazi wanasimama kando na kupiga makofi. Hakuna anayesema wananyanyaswa, labda kwa sababu hakuna ndengu zinazopatikana mwishowe.

Mimi, kwa kuwa siwezi kuacha jambo, nililigeuza usiku na mchana. Tulipiga ndengu zake, hilo si uongo. Ziliuzwa, na pesa hazikuwa zetu. Mtu aliyesoma kama mimi anajua jina la kitu hicho. Mwishowe nilimuuliza mama akiwa anachagua mchele.

"Mlipiga, ndiyo," alisema bila kuinua kichwa. "Nilihitaji ndengu zipigwe. Na nilihitaji mjue mistari. Sasa wewe amua, si ndiwe una digrii."

Sijaamua. Lakini najua tofauti kati ya mwiko na kiboko, na Wawira pia anaijua.

Mavuno ya mwaka huu yalipokauka tulikodi mashine ya kupura. Ilikuja ikivutwa na pikipiki, na mwenyewe alikuwa Njiru, kijana aliyesimama mstari wa kulia miaka ile. Alimwaga maganda, akashika kamba ya kuwashia, akasita.

"Mwalimu," alisema. "Mimi sikumbuki kiboko."

"Na siku ile ukumbini ulikumbuka?"

"Siku ile nilikuwa nimekaa nyuma."

Mama alimtazama, kisha akatazama barabara, mahali watoto walikuwa wakitokea Jumamosi.

"Washa mashine yako, Njiru," alisema.

Akaiwasha. Kazi iliyokuwa ikituchukua Jumamosi nzima iliisha kabla chai haijachemka, na sikatai kwamba ndengu zilitoka safi, safi kuliko zetu. Zamani, kati ya pigo na pigo, palikuwa na nafasi ndogo ya mtoto kusema neno lake na kusikiwa. Mashine ile haina nafasi hiyo. Tulisimama pande zake mbili, mama na mimi, tukashika gunia likijaa, na hata tungetaka kusema kitu hakuna ambaye angesikia.