Miti ya Bibi Kalunde na Ghorofa za Ipuli

Harufu ya zambarau zilizopondwa kwa miguu hunipendeza na kunikera kwa wakati mmoja. Ni harufu ya utamu unaoanza kugeuka pombe, na kila mwaka mvua zikishakolea uwanja wa bibi yangu pale Ipuli, pembeni mwa mji wa Tabora, uliamka nayo. Udongo wetu ni wa kichanga, na zambarau zikiudondokea huacha madoa ambayo hata mvua ya siku mbili haiyatoi. Nyayo zetu zilikuwa na rangi hiyo, ndimi hivyo hivyo, na kola za sare za shule ndiyo usiseme. Mwalimu wa zamu alikuwa akitutoa mstarini na kutuuliza kama tumelala na nguruwe. Nilikuwa darasa la tano. Wazazi wangu waliishi Nzega, ambako baba alifanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba, nami nikaletwa kwa mama yake, Bibi Kalunde, kwa sababu iliaminika shule za Tabora ni bora. Kama zilikuwa bora sijui. Ninachojua ni kwamba zilinifundisha kusoma kwa sauti kubwa bila kusita, na huko kusoma ndiko kulikotuponza.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo, imeezekwa bati lililoshika kutu, na imezungukwa na miti kumi na minne. Naijua idadi kwa sababu kila mti ulikuwa na mwenyewe. Mtoto akizaliwa katika ukoo wetu, kitovu kikikatika bibi alikizika na juu yake akapanda mche, na kuanzia siku ile ule mti ukawa wa mtoto. Hayakuwa maneno ya mdomoni tu. Ukitaka kuchuma ulikwenda kumwomba mwenye mti, hata awe hajajua kusema, na mama yake alimjibia. Nakumbuka nimepiga magoti mbele ya kitoto kinachonyonya nikiomba mapapai matatu, na shangazi akanijibu kwa sauti nyembamba ya kitoto, "Chuma mawili, hilo la tatu nitalilia." Binamu zangu Kulwa na Doto, kwa kuwa ni mapacha, walipewa mpera mmoja, na maisha yao yote ya utotoni yalikuwa kesi ya matawi. Mzambarau mkubwa wa mbele ulikuwa wa baba. Wangu ulikuwa mlimau, mfupi, wenye miiba, na nilikuwa nikiulalamikia kwa bibi kana kwamba alinichagulia makusudi.

Lakini ardhi yenyewe haikuwa na mtu. Bibi alikuwa na hakika na hilo kuliko alivyokuwa na hakika na umri wake. Mbele ya nyumba ilipita njia pana ya mchanga ambayo wazee walisema ndiyo waliyopita watu wa misafara, na babu yake bibi alikuwa mmoja wao, alibeba mizigo ya wengine hadi pwani na kurudi na bega moja lililoinama. Watu wa njiani, alituambia, walipika popote, walilala popote, na hakuna aliyewauliza uwanja huu wa nani. Walichoulizwa ni matunda. Aliyepanda ndiye mwenye mti. Chini ni pa kila mpitaji. Nimekuja kukutana na watu wenye shahada ambao huliona jambo hilo kuwa ushamba. Mimi nililiona likifanya kazi kila siku, na halikumpunguzia bibi chochote mpaka walipokuja watu wenye karatasi.

Bwana Rajabu alikuja kwetu kwa mtindo huo huo. Alikuwa mstaafu wa reli, mtu mpole, kofia safi, kalamu daima mfukoni mwa shati, na alipita asubuhi moja akamwamkia bibi, "Mwangaluka," kwa lafudhi ya mtu aliyejifunza Kinyamwezi ukubwani. Aliomba sehemu ya kulima karanga msimu mmoja. Bibi alicheka. "Sasa mbona unaniomba mimi, baba? Lima. Udongo haupungui." Akalima. Msimu wa pili akalima zaidi, wa tatu akaweka ua wa minyaa ili mbuzi wasiingie, na bibi akamsaidia kupanda ule ua kwa mikono yake. Alikuwa akituletea karanga mbichi kwenye ndoo, tukazichemsha na kuzila pamoja na michembe, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa, tukiwa tumekaa na huyo Bwana Rajabu kwenye mkeka mmoja. Nasema haya yote kwa sababu watu wanapenda kusikia kwamba adui alikuja na panga. Wetu alikuja na ndoo ya karanga, na nilimpenda.

Watu wa upimaji walifika msimu wa zambarau, mwaka ule nilipokuwa darasa la tano. Mji ulikuwa unapanuka na ilisemekana Ipuli yote itagawanywa viwanja. Walikuwa wawili, mmoja akiwa na vyombo vya kupimia na vigingi, mwingine na ubao wa kuandikia uliobana karatasi. Yule wa ubao alimwuliza bibi mali yake ni ipi. Bibi akauliza kama anamaanisha miti. Akasema vyote, na ardhi. Bibi akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza mvua ni ya nani. "Ardhi siyo ya mtu, baba. Miti ndiyo yetu. Huyu mjukuu atakuonyesha." Yule bwana akauliza tena, kwa upole tu, na bibi akamjibu vile vile. Bwana Rajabu alikuwa amesimama karibu na ua wake wa minyaa. Alipoulizwa na yule wa vigingi, alisema, "Hapa nalima mimi," jambo ambalo lilikuwa kweli, kisha akatangulia kumwonyesha mipaka. Alianzia kwenye karanga zake, akazunguka nyuma ya nyumba yetu, akapita nje ya mti wetu wa mwisho, na kurudi barabarani. Nilimwona. Nilidhani anamsaidia mgeni asipotee.

Mimi nilikuwa na kazi kubwa zaidi, au niliona hivyo. Niliongoza yule wa ubao mti kwa mti, nikimtajia kila mwenye mti kwa jina lake kamili la ubatizo na la nyumbani. Nilimpeleka hadi kwenye mpera wa mapacha na kumweleza ugomvi wa matawi, akacheka, akaandika. Nilimwonyesha hata mche wa mpapai wa mtoto wa shangazi, uliokuwa haunifikii magotini, nikamsimamia mpaka nione ameuandika. Sijawahi kujisikia mtu muhimu kama siku ile. Mvulana mmoja wa darasani kwangu alikuwa akitazama kutoka njiani, nami nikapandisha sauti makusudi ili asikie ninavyozungumza na mtu wa serikali.

Walipomaliza, karatasi ikaletwa kwa bibi aweke dole gumba. Bibi hakujua kusoma, lakini hakuwa mjinga. Hakuweka dole gumba kwenye kitu ambacho hajakisikia. Akasema, "Nyamizi, isome." Nikaisoma. Nilisimama wima kama tunavyosimama shuleni, nikasoma jina lake, nikasoma nyumba ya udongo moja, nikasoma miti yote kumi na minne, na nilipoona hakuna hata mmoja uliosahauliwa, furaha ilinijaa. Palikuwa na sehemu imeandikwa eneo la ardhi, na mbele yake yule bwana alikuwa amechora mstari mfupi. Niliuona. Nikiwa mtoto wa darasa la tano, mstari kwangu ulikuwa mahali pasipo na jibu, na pasipo na jibu hapasomwi. Bibi akauliza, "Iko sawa?" Nikasema, "Iko sawa, Bibi." Akaweka dole gumba, kisha akalipangusa kwenye khanga yake, na tukaenda kula.

Hakuna kilichobadilika kwa miaka mingi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba tulipewa muda wote huo wa kugundua na hatukugundua. Bwana Rajabu aliendelea kuleta ndoo yake ya karanga. Alipofariki tulimlilia, bibi akapika msibani. Siku arobaini zilipopita wanawe walikuja kutoka Mwanza na hati ya eneo lote, yenye jina la baba yao. Bibi alichukua karatasi yetu, ile ile niliyoisoma, iliyokuwa imetunzwa ndani ya kopo la majani ya chai, akaipeleka kwenye baraza la kata kwa ujasiri wote. Mwenyekiti aliisoma mara mbili. "Mama," alimwambia, "humu umeandikiwa miti." Bibi akasema ndiyo, miti. Mwenyekiti akarudia, na bibi akarudia, na baba, aliyekuwa amemsindikiza, anasema ilichukua muda mrefu, hadi watu waliokuwa kwenye benchi wakaanza kuinamisha vichwa, kabla bibi hajaelewa anaambiwa nini. Wale vijana wa Rajabu hawakumtukana. Walimwita bibi, wakamwamkia shikamoo, wakamweleza kwa adabu kabisa kwamba miti ni yake kweli, hawana kinyongo, na anaruhusiwa kuikata akaondoka nayo. Hakuukata hata mmoja. Atakataje, na vitovu vyetu viko chini?

Alihamia chumba cha kupanga mtaa wa Chemchem, chenye dirisha linalotazama ukuta wa choo cha jirani. Mimi nilikuwa chuoni wakati huo, na nilipomtembelea nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Alinikaribisha, akanipa chai, akaniuliza masomo. Ghafla, bila mimi kuanza, akasema, "Ulisoma vizuri, Nyamizi. Hukuruka hata mti mmoja." Aliyasema kunifariji, na hayajawahi kunifariji. Nilishindwa kuomba radhi. Alikufa katika mwaka wake wa pili kwenye chumba kile, na mlimau wangu ukiwa bado unazaa kwa wenyewe.

Sasa nimezidi miaka hamsini, na wiki iliyopita nilikwenda Ipuli kukagua ghorofa. Nimesema kukagua kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyotumwa. Binti yangu Neema, anayefanya kazi Dodoma, aliona kwenye simu tangazo la makazi mapya ya kifahari Tabora, "mji wa kijani, hewa safi, utulivu wa miti ya kale," akanipigia kwa furaha: anataka kununua moja nikae humo uzeeni. Sikuwahi kumweleza yeye wala mdogo wake lolote, kwa hiyo hakujua ananituma wapi. Majengo ni manne, meupe, yana vioo vya buluu na geti la umeme. Miti ya kale haipo. Wamepanda minazi ya mapambo iliyoletwa na lori, ikashikizwa kwa waya isianguke, na chini yake zulia la nyasi ambalo kijana mmoja alikuwa akilimwagilia wakati mvua imenyesha asubuhi. Nilijaribu kukisia mlango wetu ulikuwa wapi, nikaona ni karibu na mahali wanapoweka mapipa ya taka. Nilichukia. Sitaki kupamba maneno: nilisimama pale nikachukia kila kigae.

Dada wa mauzo aliniamkia vizuri na kunitembeza. Vyumba vitatu, bafu mbili, kabati za jikoni zinazojifunga zenyewe polepole. Nikamwuliza ardhi itakuwa ya nani.

"Ardhi hapana, mama. Ardhi ni ya wote kwa pamoja. Wewe unamiliki cha kwako, kuanzia ukuta hadi ukuta."

"Kwa hiyo chini hapana mwenyewe."

"Ndiyo utaratibu wa kisasa, mama. Watu wanaupenda sana."

Nilicheka mpaka akadhani amekosea kusema. Jambo lililomfanya bibi yangu aonekane hana akili ndilo hili linalouzwa leo kwa kabati zinazojifunga, na tofauti ni kwamba safari hii liliandikwa na mwanasheria.

Neema alipiga nikiwa bado kwenye ngazi. Mkataba umetumwa kwenye simu yangu, akasema. Niupitie, maana mimi ndiye msomaji wa familia, na nikimwambia uko sawa atatia saini leo hii. Nikaketi kwenye ngazi za marumaru nikamweleza yote, karanga, mstari mfupi, Chemchem. Aliniita mama kwa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa mdogo, akanipa pole, akasema nilikuwa mtoto. "Lakini mama," akasema taratibu, "huo mkataba wenyewe, ukoje?"

Nikavaa miwani nikausoma wote, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta pasipoandikwa kitu. Hapakuwapo. Majina yalikuwapo, vipimo vilikuwapo, na ukurasa wa tatu ulikuwa na historia ya kiwanja: mmiliki wa kwanza Rajabu, kisha wanawe, kisha wajenzi. Bibi Kalunde hakutajwa. Nikampigia Neema nikamwambia mkataba uko sawa.