Mabanzi ya Fundi Hamisi

Ipo siku moja ya likizo ninayoikumbuka kuliko siku zote nilizokaa darasani. Kwa kuwa nasikia umepata nafasi ya kusoma uhandisi, mwanangu, nimeona nikusimulie kabla hujafunga sanduku lako. Uwe na subira kidogo. Ndani yake mna hesabu, lakini nitaieleza polepole, na usipoielewa mara ya kwanza, rudi nyuma usome tena. Hata mimi niliielewa mara ya pili. Ile ya kwanza iliniponza.

Ulikuwa wakati wa Waingereza. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa hesabu katika chuo kikuu upande wa Uganda, na meli ikaniteremsha Bukoba nikiwa na suruali iliyopigwa pasi na kichwa kilichojaa. Kijijini kwetu, jirani na Kamachumu, nilikuwa wa kwanza kufika chuo kikuu. Kwa hiyo sikumaliza siku mbili nyumbani kabla mkungu, yaani kiongozi wa kijiji, hajaniita.

Daraja letu la magogo lilikuwa limevunjika chini ya lori la kahawa. Dereva alipona, lakini tangu siku hiyo watu walivuka bonde na magunia kichwani, na msimu wa kahawa ulikuwa unakaribia. Safari hii mkungu hakutaka magogo yaliyotupwa tu juu ya mto. Alitaka boriti zilizopasuliwa vizuri kutoka miti ya msizi iliyotolewa na kijiji kizima, kila ukoo mti wake. Akaniambia nikaitazame kazi hiyo kwa macho ya chuo.

Kazi ilikuwa mikononi mwa Fundi Hamisi, mpasua mbao. Babu yake alitoka pwani, mama yake alikuwa Mhaya wa mjini Bukoba, na yeye mwenyewe alizaliwa na kukulia mjini humo katika familia ya Kiislamu. Alihamia kwetu alipooa binti wa Buganguzi, jirani nasi, na mkungu wa zamani akampa kiwanja pembeni mwa kijiji. Alisema Kihaya kama sisi, alikula ndizi kama sisi, na hata baada ya miaka mingi watu waliendelea kumwita mtu wa mjini. Ukisikia mtu anaitwa hivyo kijijini, ujue hakuna anayemsifu.

Sasa, kulikuwa na desturi moja ambayo ni lazima uijue. Mpasua mbao anapolichonga gogo la mviringo kuwa boriti yenye pembe nne, pande za nje zinatoka vipande virefu vyenye gome upande mmoja. Hayo ndiyo mabanzi. Kwetu mabanzi yalikuwa haki ya fundi. Wengi waliyafanya kuni au ua wa mbuzi, na hakuna aliyeyatazama mara mbili.

Mimi niliyatazama. Nilipofika kwenye shimo la kupasulia, nilikuta boriti mbili zimekwisha tayari, nazo si za mraba. Zilikuwa nyembamba kwa upana na ndefu kwa kimo. Mabanzi ya ubavuni yalikuwa manene, inchi tano nzima, kiasi kwamba mtu angeweza kuyapasua tena akapata mbao za mlango. Na nilikuwa nimeuona mlango mpya nyumbani kwa Fundi Hamisi.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipoingia. Chuoni tulikuwa tumefundishwa namna ya kutafuta kikubwa kuliko vyote. Fikiria unapanda mlima kutoka ziwani kuja Kamachumu. Kabla ya kufika juu, kila hatua inakupandisha. Ukishapita kilele, kila hatua inakushusha. Pale kileleni penyewe, kwa hatua moja ndogo, hupandi wala hushuki. Hesabu ile inakutafutia mahali hapo pasipo mwinuko, nawe unajua umefika juu. Mimi nilichukua gogo lenye upana wa futi mbili, nikauliza ni boriti gani iliyo kubwa kuliko zote inayoweza kutoka ndani yake. Jibu likaja safi kabisa: mraba, karibu inchi kumi na saba kila upande. Boriti za Fundi Hamisi zilikuwa na upana wa inchi kumi na nne na kimo kinachokaribia ishirini. Zidisha mwenyewe, utaona mbao za kijiji zimepungua. Zilizopungua zilikuwa ndani ya mabanzi.

Tena kwenye ncha iliyokatwa ya gogo ambalo lilikuwa bado halijapasuliwa niliona alama za mkaa: mstari umepita katikati, nukta mbili juu yake, mstari mmoja unapanda na mwingine unashuka. Sikuzielewa. Kwa vile nilikuwa nimekwisha kumshuku mtu, kila nisichokielewa kilikuwa ushahidi. Nilizinakili alama zile katika daftari langu kama askari anayeandika nyayo za mwizi.

Sikumwambia Fundi neno. Nilimsalimu kwa heshima, nikaondoka, nikaenda moja kwa moja kwa mkungu na daftari wazi. Mkungu hakuelewa hata mstari mmoja, lakini alielewa nilipomwonyesha kwa vidole unene wa banzi. Akauliza kama hesabu yangu inaweza kukosea. Nikamjibu, "Hesabu haikosei, waitu," yaani mheshimiwa. Namna nilivyolitamka lile neno "haikosei" naisikia mpaka leo.

Kesho yake habari ilikuwa imefika kila mahali. Mtu mmoja alikumbuka kitanda cha Fundi, mwingine akakumbuka kwamba ua wake ni mrefu kupita wa wengine, akauliza unaficha nini. Kwenye kilabu cha pombe ya ndizi walimpa jina jipya, Bwana Banzi. Mkungu alisimamisha kazi, akatangaza baraza Jumamosi. Kama ingethibitika, Fundi Hamisi angeachishwa kazi na kiwanja chake kingerudi kwa kijiji, naye angeondoka na mke na watoto watano.

Mawe, ndivyo tulivyomwita mama kwa Kihaya, aliniuliza swali moja tu, akiwa anamenya ndizi bila kuniangalia.

"Wewe ulimuuliza mwenyewe?"

Nikamwambia kwamba mtu anayeiba hakwambii. Akaendelea kumenya.

Ijumaa mchana nilikwenda nyumbani kwa Fundi kupima mabanzi aliyoyapeleka huko, ili baraza lisinikute mikono mitupu. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuswali. Hakuuliza nimefuata nini. Alinikaribisha ndani, akaleta kikapu kidogo chenye kifuniko, akakifungua mbele yangu. Unajua kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, na kuikataa si jambo dogo. Anayeikataa anasema bila kinywa kwamba nyumba hii inaweza kuniua. Ndiyo maana mwenyeji akiona mgeni anasita, huchukua punje moja akaitafuna yeye kwanza.

Nilikataa. Nilisema nimeshiba, maneno ambayo hata mtoto asingeyaamini, kwa kuwa punje ya kahawa haimshibishi mtu.

Fundi Hamisi alikifunika kikapu taratibu. "Haya," alisema. "Kumbe hukuja kunitembelea, umekuja kupima. Pima."

Nikapima mabanzi uani, yeye amesimama mlangoni, mke wake amesimama nyuma yake. Nilipomaliza aliniomba rula yangu, ile ya mbao ya chuoni. Nikasita, nikampa. Akaweka matofali mawili chini, akailaza rula juu yake kama daraja, akaigandamiza katikati kwa kidole kimoja. Ikapinda, ikakaribia kugusa ardhi. Kisha akaisimamisha kwa ukingo wake juu ya matofali yaleyale, akaishika isianguke, akanitaka nigandamize mimi. Niligandamiza kwa kidole, halafu kwa kiganja. Haikupinda.

"Rula ni ileile," akasema. "Mbao hazikuongezeka."

Nikamwambia kwa ukaidi kwamba hesabu yangu ilitafuta boriti kubwa kuliko zote, na kubwa ni mraba.

"Mwanangu, sina ugomvi na hesabu yako. Uliiuliza boriti ipi ina mbao nyingi, nayo ikakujibu. Hukuiuliza ipi itabeba lori."

Akanirudishia rula yangu, akaingia ndani.

Nilitoka nikijiambia kwamba mzee ni mjanja, amenionyesha mchezo wa rula ili niache kuona mlango. Nilitembea hivyo mpaka katikati ya migomba ya nyumbani, na hapo nikakumbuka somo la muhula wa mwisho, ambalo nililiandika bila kulisikiliza. Mwalimu alisema nguvu ya boriti hupatikana kwa kuzidisha upana mara kimo, halafu mara kimo tena. Kimo kinahesabiwa mara mbili. Ndiyo siri ya ile rula kusimama.

Nikakaa chini palepale kwenye majani makavu, nikaianza hesabu upya. Gogo ni lilelile la futi mbili, na njia ni ileile ya kutafuta kilele. Nilichobadilisha ni swali tu. Sasa sikutafuta boriti yenye mbao nyingi. Nilitafuta yenye nguvu nyingi. Jibu likanitokea jeusi juu ya karatasi: upana inchi kumi na nne kasoro kidogo, kimo inchi kumi na tisa na nusu na kidogo. Boriti za Fundi Hamisi. Zilikuwa na mbao chache kuliko mraba wangu, na nguvu zake zilizidi kwa karibu sehemu tisa katika kila mia.

Kisha nikafungua ukurasa wenye zile alama za mkaa. Jaribu mwenyewe, mwanangu, chukua bilauri uchore duara. Piga mstari unaopita katikati. Ugawe sehemu tatu sawasawa, upate nukta mbili. Kutoka nukta ya kwanza pandisha mstari wima hadi ukingoni, kutoka ya pili shusha mstari mpaka ukingo wa chini. Unganisha ncha hizo mbili na ncha mbili za ule mstari wa katikati. Utapata boriti ileile niliyoihangaikia kwa kurasa tatu. Mzee yule aliipata kwa kipande cha mkaa na uzi, kwa kuwa baba yake alimwonyesha. Alama za mwizi nilizozinakili zilikuwa jibu, na nilikuwa nimezunguka nalo mfukoni tangu Jumatatu nilipokwenda shimoni.

Jumamosi barazani watu walijaa. Fundi Hamisi alikaa mbele, kofia yake magotini. Mkungu aliponiita nilisimama. Nilisema kwamba nimekosea. Kelele zikaanza. Mmoja akauliza kama Fundi amenipa mabanzi na mimi, watu wakacheka. Niliomba matofali mawili, nikatoa rula, nikafanya kama nilivyofanyiwa, na nikamtaka yule aliyecheka aje agandamize. Akaja, akagandamiza, akarudi mahali pake. Mkungu naye akajaribu, kisha akaishika rula muda mrefu akiigeuzageuza.

"Uliniambia hesabu haikosei," akasema.

"Haikukosea, waitu. Aliyeiuliza ndiye aliyekosea."

Fundi Hamisi alirudi kazini Jumatatu. Daraja lilimalizika kabla ya msimu, na lori la kwanza lilipopita na magunia yake nilikuwa nimechutama chini ukingoni mwa mto nikizitazama boriti. Hazikulalamika.

Ningependa kuishia hapo. Lakini huo usingekuwa ukweli wote. Toka wiki ile, Fundi Hamisi hakupeleka tena banzi hata moja nyumbani kwake. Aliyapanga kando ya barabara, mahali kila mpita njia angeyaona, achukue atakaye. Na watu wengine, walipoyachukua, waliyapima unene kwa vidole. Hesabu niliifuta kwa mpira dakika moja. Shaka niliyoimwaga kijijini sikupata mpira wake.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinipokea vizuri, akanikaribisha ndani, akaleta kile kikapu. Safari hii nilinyoosha mkono mapema. Lakini yeye alikuwa amewahi: alichukua punje moja, akaiweka kinywani mwake, akaitafuna huku akinitazama, ndipo akanisogezea kikapu. Tulikuwa marafiki baadaye, mwanangu, marafiki wa kweli. Alinifundisha mengi kuhusu miti, nami nilisimama kwenye maziko yake. Na kila nilipoingia nyumbani kwake, miaka yote ile, alitafuna yeye kwanza.

Basi nakuusia hivi. Utakapofundishwa kutafuta kilele, usikimbilie kupanda. Tazama kwanza ni mlima gani unaoupanda. Hesabu itakujibu kwa uaminifu swali lolote utakaloipa, hata lile la kijinga, na haitakuonya. Kwa hiyo kabla hujaandika mstari wa kwanza, jiulize kitu hiki kimetengenezwa kifanye nini, nani atapita juu yake, na kikivunjika nani ataumia. Ukikuta kazi ya mtu mwenye mikono migumu haifanani na jibu lako, ishuku karatasi yako kabla hujamshuku yeye. Nenda umuulize, ukiwa umekaa, na umekubali kahawa yake. Kama ni mwizi, utajua tu. Hesabu zipo, hazikimbii. Na kama si mwizi, utakuwa umepata mwalimu, na hakuna aliyevunjiwa jina.

Mungu akufungulie akili na akulegezee ulimi, uwe mwepesi wa kuuliza na mzito wa kutuhumu. Utakayoyajenga yasimame, wanaopita juu yake wafike kwao salama, na kila nyumba utakayoingia ikupe kikapu bila mwenyeji kutafuna kwanza.