Jina Nililompa Bwana Mwakio

Binti yangu akifungua chupa ya rangi ya kucha, mimi hutoka chumbani. Huniuliza, "Mama, harufu tu hii?" Humjibu kwamba kichwa kinaniuma. Leo nitawaambia nyinyi ambalo yeye sijamwambia: harufu ile ni ya Bwana Mwakio, na Bwana Mwakio alikuwa akichuna watu ngozi.

Aliwachuna kwenye karatasi tu. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na tofauti hiyo haikunisaidia sana taa ilipozimwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mji wa Kale, katika nyumba ya ghorofa ya marehemu babu yangu. Mama alifariki ningali mdogo, na aliyenilea ni Khala Zuhura, mdogo wake, pamoja na mumewe. Sisi tulikaa juu, pamoja na bibi mzaa mama. Chumba cha chini, chenye dirisha la vyuma lililotazama kichochoroni, alipanga Bwana Mwakio, Mtaita, karani wa bandarini, mtu mpole wa kukohoa kwanza kabla ya kusalimu. Akitoka kazini alasiri alivua shati, akabaki na fulana, akaketi kwenye taipureta. Alipiga kwenye zile karatasi za nta za kurudufia, na akikosea herufi aliipaka dawa nyekundu ya kufutia, ambayo ilinuka rangi ya kucha tupu. Kila sentensi aliisoma kwa sauti, kisha ndipo akaipiga. Sisi watoto tulijibanza chini ya dirisha lake, tumeshikana mikono, na wakubwa wakidhani tunadurusu masomo ya chuo cha Kurani.

Alianza na hadithi za mapenzi, zikamdodea. Ndipo akaandika *Mchinjaji wa Kibarani*, juu ya mtu aliyeishi jaani akiwala waliokuja kutupa taka, akianzia vidole vya miguu ili wenyewe wapate kutazama. Kijitabu kile kiliisha Mwembe Tayari, penye mabasi, kwa siku mbili. Wasafiri wa bara walikinunua wakisome ndani ya basi, na kivukoni Feri nimeona kwa macho yangu mwanamke akikisoma huku amejiziba jicho moja. Kikafuata *Kapu la Macho*. Hicho nilikisoma chooni, mlango nimeutia komeo, na nilipomaliza nikashindwa kutoka kwa sababu sikuwa na hakika ni nani aliye nje.

Khala alikiona chini ya godoro langu. "Wewe mtoto, hapana vitabu vyengine duniani?" akasema, akakitia kwenye seredani, juu ya makaa aliyokuwa akipikia mahamri. Nilisimama nikautazama ukurasa mmoja mmoja ukijikunja. Nilimchukia siku ile, nakiri, kwa chuki ambayo mtoto huwa nayo mara moja tu maishani.

Alasiri nikateremka. Bwana Mwakio alikuwa amekwama.

"Majina yameniishia, binti," aliniambia kupitia dirishani. "Jamaa zangu wa Taita nimeshawaua wote, sasa wananinunia. Nipe la mwanamke, lakini liwe na uzito."

"Zuhura binti Mwanaisha," nikasema.

Nataka mnielewe hapa. Kwetu mtu hutambulishwa kwa jina la baba yake. La mama hutolewa mahali pamoja tu, kwa mwalimu wa kutizamia, ambaye hafungui kitabu chake cha ramli kabla ya kuuliza, "Jina lako na la mamako?" Jina la namna hiyo humfikia mwenyewe popote alipo, kwa heri au kwa shari. Nililijua hilo vyema, kwani bibi, huyo Mwanaisha mwenyewe, alinipeleka kwa mwalimu mara mbili nilipokuwa na homa. Bwana Mwakio, Mkristo wa milimani, hakulijua, wala hakujua kwamba Khala anaitwa Zuhura. Alilisoma kwa sauti, akalisoma tena, akalipenda, akalipiga.

Kitabu kikatoka. Zuhura binti Mwanaisha alichunwa akiwa hai, kuanzia kisiginoni kwenda juu, polepole, kama mtu anavyovuliwa soksi. Ngozi yake ikaanikwa kwenye kamba ya nguo, na jirani akaianua na kuikunja akidhani ni leso ya kujitanda. Nilifurahi siku nzima.

Siku ya tatu, Jumamosi asubuhi, tulikuwa tukinywa chai. Khala aliinuka kuchukua sukari, akasimama pale pale. Damu ilikuwa ikimteremka mguuni, na niliitazama hadi ilipofika kisiginoni. Gari haliingii vichochoro vyetu, kwa hivyo wanaume walimbeba juu ya kiti cha jikoni mpaka barabarani, bibi akifuata nyuma akisoma dua. Mimi niliachwa ngazini. Bibi alizoea kusema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa ulimi nikamuua mama yangu wa pili. Sijapata kuogopa vile tena. Meno yalinigongana kwenye jua la saa nne.

Nilikimbilia dirishani nikavitikisa vile vyuma. "Mrudishe, mjomba! Mrudishe Zuhura! Ni khala yangu, nilikupa jina lake na la mamake!"

Nilipomweleza yote hakucheka. Aliuliza tu, "Mbona hukuniambia ni mtu aliye hai?"

Alivaa shati, vifungo vikipishana, akaenda Mwembe Tayari. Adhuhuri alirudi na gunia begani, ndani yake vijitabu vyote vilivyokuwa havijanunuliwa. Akaketi akapiga ukurasa mpya wa mwisho, akinisomea kila sentensi: Zuhura akaamka, akaichukua ngozi yake, akaivaa, akajifunga leso, akarudi kwao.

"Imetosha?" akauliza.

"Imetosha."

Lakini kulikuwa na jambo moja sikumwambia. Khala alikuwa na mimba ya miezi saba chini ya buibui lake, na msichana wa kwetu hataji mimba mbele ya mwanamume. Hata angeniuliza, ningeinamisha kichwa tu.

Khala alirudi baada ya siku sita, mikono mitupu. Mtoto walikuwa wameshamzika.

Sikulia. Niliteremka moja kwa moja hadi dirishani. Bwana Mwakio alikuwa katikati ya hadithi mpya, na aliponiona uso ukamng'aa. "Nimesikia khala amerudi. Alhamdulillahi," akasema, yeye Mkristo, kwa kutaka kunifurahisha.

"Ulimsahau mtoto," nikamwambia.

"Mtoto gani?"

"Wa tumboni. Ulimrudisha Zuhura peke yake."

Mikono yake ilibaki hewani juu ya taipureta. Akaichomoa ile karatasi taratibu, akafunga kichupa chake cha dawa. Tangu siku ile hatukumsikia tena akisoma. Mwaka haukuisha akahama, na kwa muda mrefu wauzaji wa Mwembe Tayari walikuwa wakituuliza kitabu kipya cha yule Mtaita kitatoka lini.

Nilimwambia Khala siri hii mimi mwenyewe nilipokwisha kuzaa. Alicheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa leso. "Ni presha, mwanangu. Wawili wa kabla yake walitoka vivyo hivyo. Kitabu chamuua nani?" Halafu akauliza, "Na yule Mtaita wa watu alijua kwamba ni presha?"

Hakujua. Siku ile Khala aliporudi niliteremka nikiwa na mzigo nisiouweza, nikautua juu ya mtu wa kwanza aliyewahi kunisikiliza. Nilidhani mwenye kuandika mambo kama yale haogopi kitu. Alikuwa mtu mzima, angeweza kunicheka, au kunifukuza dirishani pake, au kwenda kumuuliza mume wa Khala. Aliniamini.