Nilivyowajibu Watu wa Mchezo

Mdogo wangu wa kike nilimnyima maziko ya kaka yetu. Nimeanza na hilo ili asiyependa kusoma zaidi aishie hapa.

Kaka alifia Mofu, kwenye kambi ya wavuvi. Mimi naye tuligombania shamba la mpunga, mwaka wa tatu hatusalimiani. Mjumbe alinikuta asubuhi napepeta mchele.

“Mama, wanauliza, wawasubiri ninyi ndugu zake?”

“Wasimsubiri mtu. Wazike.”

Nikaendelea kupepeta. Jamani, nikaendelea kupepeta!

Mdogo wangu nilimwambia siku ya nne. Nikasema mto ulijaa, habari imechelewa. Akaamini. Mimi ndiye niliyemlea.

Mwaka jana walimu wa hapa Ifakara wakacheza mchezo wa kuigiza uwanjani. Hadithi yenyewe ni ya kale, ya ng'ambo, ila wameivika nguo za kwetu. Mfalme wamemfanya jumbe, kavaa kanzu na kofia nyekundu. Jumbe anakataza kijana mmoja asizikwe. Dada wa marehemu anakwenda kwa siri, anamtupia udongo.

Mdogo wangu alikaa ubavuni kwangu, analia. Akaninong'oneza, “Huyu angalau alipata kumtupia udongo.”

Nikadhani ananipiga kijembe. Nikadhani mjumbe amesema, na walimu wamenitungia mchezo. Nikasimama.

“Waongo ninyi! Mimi sikukataza asizikwe! Nilisema wazike bila kumsubiri mtu!”

Jumbe wa mchezo akavua kofia. “Bibi, hawa ni Wagiriki.”

“Wale wenye mashamba ya mkonge?”

“Wa kale, Bibi. Wamekufa siku nyingi.”

Uwanja mzima ukacheka. Mdogo wangu hakucheka.

“Dada, kwa hiyo mto haukujaa?”

Nikajitanda kanga, nikatoka uwanjani.

Wiki ileile akaenda Mofu peke yake. Wavuvi walikwisha kuhama, na maji ya masika yalipita pale kambini. Hakupata wa kumwonyesha kaburi. Alirudi na udongo wake mkononi, ndivyo walivyoniambia waliomwona njiani. Ole wangu mimi!

Wenzangu, gombaneni mnavyotaka. Lakini habari ya msiba si mali yako hata uikalie. Ifikishe siku ileile, kwa umpendaye na kwa usiyempenda.

Mdogo wangu bado ananiamkia, maana nilimlea vizuri. Tukikutana mlangoni kanisani husema, “Shikamoo, dada,” akapita. Hangoji nimwitikie.