Wali wa Mistari Minane

Mama mkwe wangu hajawahi kupika kwa saa. Anapika kwa sufu. Ingia jikoni kwake Jumamosi asubuhi utamkuta kwenye kiti chake kifupi mbele ya jiko la gesi, kapu la nyuzi miguuni, sindano mbili mikononi, midomo inahesabu bila sauti. Mayai ya kuchemsha ni mistari mitano. Viazi ni kumi. Wali, maji yakishachemka na moto ukishapunguzwa, ni minane. Maharage yaliyoiva, yakiungwa kwa kitunguu na nyanya, ni kumi na mitano, na mtu asifunue sufuria kabla ya hapo, hata awe nani.

Mistari yenyewe ni ya mgongo wa sweta la mtu mzima, vitanzi mia na kumi kutoka ukingo hadi ukingo. Akiwa anafuma mkono wa sweta, ambao ni mwembamba, miwili anaihesabu mmoja. Keki ina kipimo chake peke yake. Hiyo inapimwa kwa mfarishi, lile blanketi la viraka analoliunga kwa sindano ya mkono. Viraka viwili vya ukubwa wa kiganja, vikishonwa pande zote nne, keki inatoka kwenye oveni. Alishona sare za shule kwenye karakana moja kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu wakampa cheti na magunia mawili ya mabaki ya vitambaa. Cheti sijui kiko wapi. Magunia yako chini ya kitanda chake, na ole wako uyaguse.

Mimi nakaa mapokezini kwa daktari wa meno. Kazi yangu ni kupanga kadi, kupokea simu na kuwaambia watu wazima wanaotetemeka kwamba hawatasikia kitu. Kwa hiyo uongo mdogo mdogo wenye nia njema ninao wa kutosha, na mwingine wa akiba. Nasema mapema ili baadaye mtu asijifanye kashtuka.

Nilipoingia nyumba hii nikiwa bi harusi mbichi, nilitaka kujua siri ya wali wake, maana mume wangu alikuwa akiusifia mpaka kero. Mama akaanza kwa kunifundisha kufuma. Wiki tatu nzima. Kisha akanikabidhi sufuria akaenda zake kuoga. Nikafuma mistari minane kwa uaminifu wote, ulimi nje, na nilipofunua nikakuta mkaa. Akaja na taulo kichwani, akatazama sufuria, akatazama sindano zangu, akasema nafuma kama mtu anayesaini mkataba wa nyumba. Tangu siku hiyo, zamu yangu ya kupika ikifika, natega saa ya mkononi na sindano nashika za kuzugia tu.

Basi tukaenda hivyo miaka sita bila neno, mpaka mwaka huu chakula kilipoanza kutugomea. Kwanza mayai, magumu mpaka mtu unayatafuna kwa tahadhari. Viazi vikawa uji. Wali ukaanza kutoka na ukoko mweusi, mwanzo mwembamba, halafu mnene wa kugongea mlango. Mama akalaumu jiko. Tukabadilisha jiko. Akalaumu sufuria, akalaumu mchele wa siku hizi, akafika mpaka kumlaumu muuza nyanya, ambaye kwenye wali hahusiki hata kwa mbali.

Siku moja maharage yakaungua kweli kweli. Moshi ukatoka dirishani, majirani wakaja na ndoo. Sasa elewa kwamba mume wangu anaishi kwa kukagua mitungi ya kuzimia moto kwenye majengo ya watu. Ana fulana yenye picha ya mwali wa moto na mstari mwekundu wa kuukataza juu yake. Akarudi akakuta majirani wamejaa jikoni kwake, na mmoja akamuuliza, kwa upole wa kuudhi, kama nyumbani kwake ana mtungi. Hakuwa nao. Aliona aibu mpaka masikio yakabadilika rangi.

Jioni hiyo akatoa hukumu. Alimwambia mama yake kwa heshima, lakini aliisema: sufuria ikiungua mara moja zaidi, mama ataacha jiko apumzike, na atakuja mpishi wa kuajiriwa. Kumbe alishazungumza na mama mmoja anayepikia ofisi jirani na yao, na yule mama alikuwa tayari. Mama mkwe alisema usiku mwema, akachukua kapu lake akaingia chumbani.

Kesho yake nilimkuta jikoni ameketi kwenye kiti chake, jiko limezimwa, mikono imelala mapajani. Sijawahi kuiona ile mikono ikiwa haina kitu. Roho iliniuma, nisiseme uongo. Mwanamke yule hana baraza, hana kikundi, hana ugonjwa wa kusimulia. Ana jiko. Kumwondoa pale ni sawa na kumwambia akae akisubiri. Wala sijifanyi malaika, kwa sababu nilijua pia kwamba mpishi wa kuajiriwa akikosa kuja, sindano zinaniangukia mimi.

Nikaanza kupeleleza. Jumamosi nikakaa mbele yake namenya viazi, jicho moja kwenye saa. Zamani mstari mmoja wa mgongo wa sweta ulimchukua dakika mbili, kwa mwendo wa cherehani. Siku hiyo ulimchukua tano. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba, na kila kitanzi alikisukuma kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Mistari ilikuwa minane ileile. Dakika ndizo zilizokuwa arobaini.

Kumwambia sikuweza. Utamwambiaje fundi wa miaka thelathini na moja kwamba mikono yake imekuwa mizito? Na kupunguza idadi ya mistari ni yeye tu angeweza, na hakutaka, maana kila mtu nyumbani alijua wali ni minane. Nikawaza, nikapiga hesabu nyuma ya kadi ya mgonjwa, jibu likanijia. Kama siwezi kupunguza mistari, nitapunguza vitanzi.

Jumatatu nikarudi kutoka kazini na habari kwamba daktari wangu anaomba skafu. Nikasema kiyoyozi pale kinatuua, wagonjwa wanatetemeka mara mbili, na daktari anazitaka nyembamba, vitanzi arobaini, zisimwingilie mtu kinywani. Daktari mwenyewe nilikuwa nimemwuliza akiwa ameinama ndani ya mdomo wa mtu, akasema sawa bila kugeuka. Mama akanitazama kidogo, akaliweka sweta la mwanawe kabatini, akaanza skafu.

Niliogopa kitu kimoja tu, ile sheria yake ya mkono wa sweta, miwili kwa mmoja. Akiitumia kwenye skafu, nimekwisha. Nikasimama karibu najifanya nasugua sinki, nasikiliza. Mstari wa kwanza akahesabu moja. Wa pili akahesabu mbili. Wali ukatoka mweupe, punje moja moja. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba nimempiga chenga bingwa.

Keki ilinipa kazi zaidi. Akienda kuoga, na kwa bahati ni mtu wa kuoga taratibu, mimi naingia kwenye kapu na mkasi, napunguza kila kiraka upana wa kidole. Mara moja nusura anifume mkasi mkononi, nikamwambia nakata kucha. Keki zikarudi kuwa laini. Mfarishi ukawa na viraka vidogo upande mmoja na vikubwa upande mwingine. Mama akaunyoosha kitandani siku moja, akasema vitambaa siku hizi vinasinyaa hata kabla ya kufuliwa. Nikakubali haraka sana.

Kazini hali ilikuwa nyingine. Skafu ya kwanza daktari aliipokea kwa furaha. Ya tatu akaniuliza kama mama mkwe wangu amesikia kwamba yeye ni twiga. Ya sita nikaanza kuwafungia wagonjwa waliovimba shavu, na wengine wakaondoka nazo, Mungu awabariki.

Miezi miwili ikapita bila ukoko. Mume wangu alikuwa akila huku ananusa, kama yuko kwenye ukaguzi. Akasema Jumapili dada yake anakuja na watoto wake wanne na mumewe, mama apike kama zamani. Chakula kikitoka salama, habari ya mpishi ataifuta. Kikiungua, mpishi anaanza Jumatatu. Alisema mbele ya mama yake, na mama akaitikia kwa kichwa.

Jumapili hiyo wifi yangu alifika mapema. Ni mwanamke mwema, na wema wake hauna breki. Akaingia jikoni, akamkumbatia mama yake, akaona skafu ya kumi na moja kwenye sindano, akacheka akauliza nyumba hii ina shingo ngapi. Kisha akasema kaka yake anasubiri sweta tangu mwanzo wa mwaka. Kabla sijafungua mdomo alishatoka chumbani nalo, lote, vitanzi mia na kumi, akampakatisha mama yake na skafu akaichukua akajifunga yeye. Akaenda kuwatuliza watoto sebuleni. Maji ya wali yakachemka. Mama akapunguza moto, akafunika, akaanza mstari wa kwanza.

Jamani, nilitokwa na jasho. Mistari minane ya mgongo ni dakika arobaini. Nikasema nimsaidie kutazama sufuria, akasema sufuria haitazamwi. Nikasema nahisi gesi inavuja, niizime kidogo. Akasema pua yangu izoee. Mstari wa pili ukaisha, dakika ya kumi. Nikafikiria kuchomoa sindano vitanzi vimwagike, nikajiona mshenzi. Nikafikiria kumuita mume wangu na fulana yake. Mstari wa tatu ukaisha, dakika ya kumi na tano na ushee.

Mama akaweka sweta chini. Akainuka, akashikilia ukingo wa meza kwanza, akazima jiko, akafunua. Mvuke ukapanda. Wali ulikuwa umeiva, wala haujagusa chini.

"Mama," nikasema, "hiyo si mitatu tu?"

Akafunika tena sufuria bila haraka. "Mimi nimekata sare za watoto wa watu miaka thelathini na moja," akasema. "Unadhani sijui kiraka kilichopunguzwa kidole? Na skafu niliihesabu mmoja kwa mmoja makusudi, na wewe pale kwenye sinki unasugua mahali pamoja mpaka pang'ae. Nilitaka kuona utafika wapi."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alikuwa anaona haya kupunguza mistari kwa mdomo wake mwenyewe, na mtu alipotokea wa kumdanganya vizuri namna ile, akaona amwache afanye kazi. Akanikabidhi bakuli la maharage nipeleke mezani. Machozi yalinitoka, nikasingizia kitunguu, naye akaniambia kitunguu kilikatwa saa mbili zilizopita.

Tulikaa tisa mezani. Mume wangu akapakua, akaonja, akatafuna kwa muda mrefu, sote tunamtazama. Akasema ndio huo, ndio wali wa minane wa siku zote. Hapo yote yangeishia, na mpishi angefutwa. Nilishaanza kupumua.

Mama akaweka kijiko chake chini. Akaitandaza mikono yote miwili mezani kando ya bakuli, vidole vimepinda, viungo vimevimba, tuvione.

"Si minane," akasema. "Ni mitatu. Vidole hivi havikimbii tena, na nilikuwa naona haya, basi nikawa naunguza chakula chenu. Mkeo ameficha aibu yangu miezi miwili mizima. Mimi siifichi tena. Kuanzia leo wali ni mitatu, viazi ni minne, mayai ni miwili, na nikichoka kabisa nitasema mwenyewe. Kama bado unamtaka mpishi wako, mlete. Lakini usiseme unamleta kwa sababu ya moto."

Mume wangu aliitazama ile mikono, na nadhani aliiona kwa mara ya kwanza tangu ilipokuwa inamfunga viatu. Akatoa simu mfukoni akampigia yule mama mpishi palepale mezani. Akamwambia asije kesho, akaomba radhi, akajichanganya, akaanza kueleza habari za mistari na vitanzi kwa mtu asiyejua lolote, sauti inakatika katika.

Mama akamvuta shati akamwambia akate simu ale, wali unapoa.