Grisi Kwenye Klampu

Mbao zilikuwa tatu, za mninga, na hakukuwa na ya nne. Babu alizipasua mwenyewe kabla sijazaliwa, akazihifadhi juu ya dari, akafa bila kusema ni za nini. Bibi akaamua ziwe meza. Kisha akasema, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni, kwamba hana hakika kama mbao za mumewe zinafaa kushikwa na mkwe. Mkwe ndiye mama yangu. Ni seremala, kasomea, na nusu ya mtaa wetu hapa Segese inakalia viti vyake. Kwa bibi hayo yote ni uvumi.

Kuunga mbao tatu ubavu kwa ubavu kunataka klampu, kile chuma kirefu chenye mataya mawili, moja limetulia, lingine unalisogeza na kulikaza kwa skrubu. Mama hakuwa na za urefu huo, kwa hiyo tukaenda Geita kutafuta za bei ya watu kama sisi.

Dukani, kubwa nzito mama alizishika, akasikia bei, akazirudisha taratibu kama anarudisha mtoto wa mwenzie. Nyepesi zenye rangi nzuri alizichungulia kwa jicho moja na kuziacha: bapa, kile chuma kirefu taya linapotembea, lilikuwa limepinda. Za katikati akazijaribu palepale, akabana ukingo wa kaunta.

"Mama, kaunta haiuzwi," muuzaji akasema.

"Nataka nione kama zinauma."

"Zinauma, mama yangu."

"Huo ni mdomo wako. Ngoja taya liseme."

Akavuta kwa uzito wake wote. Taya likalalia upande kidogo, likang'ang'ania bapa, halikusogea. Tukachukua nne, urefu mmoja.

Nyumbani nikakabidhiwa nizitunze. Sasa, mimi ni mtoto wa mtu wa karasha. Baba anashinda kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na dini yake ni moja: chuma kisichopakwa grisi kinakufa. Amepaka bawaba, amepaka baiskeli, aliwahi kupaka komeo la choo likawa linajifungua lenyewe na mtu yumo ndani. Nikachukua kopo lake, nikazipaka klampu zote nne kutoka kichwani mpaka mkiani, kisha nikazifuta juujuu zisichafue mikono. Taya likawa linateleza kwa kidole kimoja. Nilijiona injinia.

Jumamosi asubuhi bibi alihamishia kigoda chake hatua mbili kutoka kwenye benchi la kazi. Mama akapaka gundi, akasukumiza mbao pamoja, akaweka klampu mbili chini na mbili juu ili uso wa meza usijikunje.

"Kaza zamu kwa zamu," akaniambia. "Taratibu."

Nikazungusha mpini. Gundi ikachomoza kwenye maungio kama shanga. Halafu taya likarudi nyuma, kimya, upana wa kidole. Kati ya mbao mbili ukafunguka mstari mweusi.

"Umekaza?"

"Nimekaza."

"Kaza tena."

Likateleza tena. La pili likafuata.

Bibi akasogeza kigoda karibu zaidi.

"Mke mwenzangu," akaniita. Ndivyo anavyoniita, eti sote wawili tumeolewa na babu. "Mbao za mume wetu zinalia nini?"

"Zinacheka, bibi."

"Zinalia."

Jua lilikuwa limefika kwenye benchi, na gundi ilianza kuota ngozi kama maziwa yaliyopoa. Ikikauka hivyo, mbao zingepasuliwa upya na kupunguzwa, na meza ya watu sita ingebaki ya watu wanne waliokosana. Mama alizikumbatia mbao kwa mikono miwili, jasho likimdondoka puani.

"Yule kijana kaniuzia takataka," akasema.

Uongo ulikuwa umeshapikwa na kupakuliwa, kazi yangu ilikuwa kula tu. Nikaula kwa pumzi tatu hivi.

"Mama, nilizipaka grisi."

"Kwenye skrubu?"

"Kote."

"Na kwenye bapa?"

"Kote ni pamoja na bapa."

Hakunipiga. Mikono yake yote ilikuwa kazini.

"Majivu," akasema kwa meno yaliyobana. "Na kitambaa kikavu. Taya linashika kwa kukwaruzana na bapa, wewe umelifanyia utelezi. Kimbia."

Nilisugua mabapa kwa majivu ya jikoni mpaka vidole vikawaka moto. Ya kwanza ikashika. Ya pili ikashika. Upande wa mwisho mbao zikaanza kuachana, na mama hakufika.

"Mama, njoo usukume huku," akamwambia bibi.

Bibi akainuka, akakaza khanga kiunoni. "Mimi Msukuma, unanifundisha kusukuma?"

Akaweka kifua. Mstari mweusi ukajifunga. Nikabana ya tatu, nikabana ya nne, na hakuna aliyethubutu kuachia mpaka mama alipoachia.

Jioni tulifungua. Maungio mawili tu, na moja huwezi kuliona hata ukiambiwa lilipo. Kwenye lile la pili, karibu na pembe, bibi alipitisha ukucha na ukucha ukanasa.

"Hapa."

"Nimepaona, mama. Nitapapiga randa."

Bibi akarudia kwa kiganja kizima, toka mwanzo hadi mwisho, polepole. Mama alikuwa ameshika randa bila kuitumia.

"Na miguu?" bibi akauliza.

"Jumatatu."

"Iwe mifupi," akasema. "Nile nikiwa kwenye kigoda changu."